Kabla hujatoka Kampala kwenda kutazama kasa Wasini, kisiwa cha pwani ya kusini ya Kenya

Jaribu miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia kwenye bwawa la kuogelea. Ziwa Victoria halifai: maji hayaonyeshi, na kuna kichocho. Bandika miwani usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kwa pua. Ikishika bila kuanguka, inakutosha. Masharubu marefu huingiza maji. Kioo kikipata ukungu, kitemee mate, sugua, suuza.

Nenda Desemba hadi Machi, wakati wa upepo wa kaskazi. Upepo wa kusi wa Juni na Julai huchafua bahari, na pesa ya boti inaishia kwenye mawimbi. Maji yakipwa sana utakwaruzwa na matumbawe, nayo yanavunjika.

Kasa usimfuate kwa juu. Anahitaji kupanda kuvuta hewa. Kaa pembeni, tulia, mara nyingi ataendelea kula nyasi zake.

Kwenye mchanga buruza miguu, usikanyage kwa kuinua: taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia humo, na mwiba wake una sumu. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia (yasizidi nyuzi 45) hadi maumivu yapungue, kisha hospitali.