Kuni za masika zinunuliwe kaskazi

Kwa mnaopikia kuni huku Mombasa, Kisauni, Likoni na Mtongwe: moshi unaowatoa machozi mara nyingi si kosa la jiko, ni maji yaliyo ndani ya kuni. Mti uliokatwa leo waweza kuwa karibu nusu yake ni maji, na moto hupoteza joto lake kuyakausha kabla ya kuivisha wali.

Nunueni kuni za masika mapema, Januari au Februari, kaskazi ikivuma na jua likiwa kali. Zipasueni siku hiyo hiyo, maana gome huzuia maji kutoka na gogo zima hukauka polepole mno. Zipangeni juu ya mawe, si mchangani, mkiacha nafasi upepo upite. Funikeni juu tu, kwa bati au makuti. Ukizizungushia turubai pande zote umezivundika. Mimi naupenda mti wa mvinje kuliko kuni zote: moto mkali, kaa la kudumu, hata sufuria kubwa la biriani ya harusi halitaki kuchochewa kila mara.

Kujua zimekauka, gonganisha vipande viwili. Vikavu hulia kwa sauti kali, na ncha zake huwa na nyufa.

Magogo yanayoletwa ufuoni na bahari yaacheni. Chumvi yake hula jiko la chuma, na moshi wake una sumu. Mbao zenye rangi na nguzo zilizotiwa dawa ndiyo kabisa msipikie, hasa penye watoto. Kuwashia, vifuu vya nazi vinatosha.