Jinsi ya kumwelewesha shangazi kwamba hayo magamba kwenye viwiko siyo ukoma

Hii nimemwandikia mtu mwenye soriasisi (psoriasis, ugonjwa wa ngozi kutoa magamba, hauambukizi) anayeishi Mwanza au huku pembezoni mwa ziwa, Magu, Sengerema, Ukerewe, ambaye akivaa mikono mifupi kwenye daladala anaona watu wanasogea. Dada yangu anauza dagaa Mwaloni pale Kirumba, na nimeshaona jinsi mteja anavyopokea chenji kwa ncha za vidole akiviona viwiko vyake, alafu next time anahamia meza ya jirani, na dada hajakosa chochote, ngozi yake tu ndo inabanduka. Inauma sana. Ila wengi wanaomkwepa siyo watu wabaya, wanadhani ni ukoma, wana hofu waliyorithi pamoja na neno hilo la zamani sana, na ukijua hilo neno limepita wapi na wapi unaweza kukaa nao ukawatoa hofu taratibu. Mi nimeona inasaidia kuliko kugombana.

Lakini kabla hujamwelewesha mtu, hakikisha wewe mwenyewe unajua una nini. Picha nyingi za mtandaoni ni za ngozi nyeupe, zinaonyesha wekundu, wakati kwenye ngozi zetu baka la soriasisi linakuja na rangi ya zambarau iliyofifia au kahawia nzito au kijivu, limeinuka, mpaka wake uko wazi, na juu kuna magamba meupe yanayong'aa yanayodondoka ukivua nguo. Linapenda viwiko, magoti, kichwani ndani ya nywele, mgongoni kwa chini. Angalia na kucha, mara nyingi zina vishimo vidogovidogo au zinaachana na nyama. Na kama viungo vya vidole vinavimba na kukaza asubuhi usikae kimya, mwambie daktari, kwa sababu ugonjwa huohuo unaingia mpaka kwenye viungo.

Choa ni kitu kingine. Choa kinajichora duara, magamba yako pembeni na katikati panaanza kupona, na ndani ya nyumba watoto wanaambukizana. Hapa ndo tunaharibu, mtu anaenda famasi anapewa tyubu yenye steroidi, dawa inayotuliza muwasho ila haiui fangasi, muwasho unapoa siku chache anafurahi, kumbe fangasi wanaendelea kutambaa, akija kufika hospitali hata daktari anapata shida kujua kilikuwa nini.

Ukoma sasa. Baka la ukoma kwa kawaida haliwashi, rangi inapauka au inakuwa ya shaba, na linaweza lisiwe na gamba hata moja. Kinachoutambulisha ni ganzi, maana bakteria wake anashambulia neva, yaani mishipa ya fahamu. Ndo maana kwenye kliniki watakupima na pamba, na hiki kipimo mkikifanya nyumbani shangazi akiwepo anaona mwenyewe. Sokota pamba mpaka iwe na ncha nyembamba. Mgonjwa akiwa macho wazi mguse kwanza sehemu ya mkono isiyo na baka, mwambie kila akihisi aweke kidole palepale. Alafu afumbe macho. Gusa katikati ya baka, gusa tu usiburute, subiri kidogo, gusa pembeni, rudi kwenye baka, usifuate mpangilio asije akabahatisha. Magamba yakiwa mazito chagua sehemu iliyo nyembamba, la sivyo gamba lenyewe litazuia asihisi. Mwenye soriasisi atakuonyesha kila ulipogusa. Usitumie sindano wala kitu cha moto. Na tuelewane, hiki hakichukui nafasi ya daktari, kipimo kamili omba hospitali, anzia kituo cha karibu au hospitali ya mkoa ya Sekou Toure, na ukipewa rufaa, hospitali ya Bugando kuna kliniki ya ngozi.

Haya, umeshajua una nini, sasa umekaa na shangazi. Usianze na mambo ya seli na kinga ya mwili, utampoteza. Anza na sato. Mwulize yale anayoyapaa na kisu kabla ya kukaanga yanaitwaje. Magamba. Wayunani wa kale nao gamba waliliita lepis, na ngozi ya mtu ikiwa na magamba kama ya samaki wakasema ana lepra. Basi. Maandishi ya tiba ya enzi za Hippocrates, yule tabibu wa Kiyunani wa kale, yanaitaja lepra kama tatizo la ngozi kukwaruza na kubanduka, hakuna habari ya kukatika vidole wala kumfukuza mtu kijijini. (Kama kuna watoto karibu waambie vipepeo nao wana jina la kisayansi kutoka neno hilohilo la gamba, ule unga unaobaki mkononi ukimshika kipepeo ni magamba ya mabawa yake.) Ule ugonjwa tunaouita ukoma leo, waganga wa Kiyunani waliupa jina lake tofauti kabisa, elefantiasisi, kwa sababu ya ngozi kuwa nene na yenye mikunjo ya tembo.

Sasa mchanganyiko ulianzia wapi, ulianzia Aleksandria, Misri, kwenye karne ya 3 kabla ya Kristo, wasomi wa Kiyahudi walipokuwa wanaitafsiri Torati kwenda Kiyunani. Walikuta neno la Kiebrania, tsaraati, neno la unajisi kuliko la tiba, kitu cha kuhani kuangalia na kuamua, wakaweka lepra. Kilatini kikaja kikaibeba hivohivo, lugha za Ulaya zikafuata, na sisi kwenye Biblia ya Kiswahili tukasoma ukoma. Hapa mpe shangazi Biblia yake mwenyewe afungue Walawi 13, asome kwa sauti mstari wa 12 na 13, mtu ambaye pigo limemwenea mwili mzima na amegeuka mweupe wote, kuhani anamtangaza kuwa safi. Alafu mstari wa 47, ukoma kwenye vazi. Alafu sura ya 14 mstari wa 34, ukoma kwenye nyumba! Ukuta hauna neva, shati halina neva. Mwache akae na hiyo kidogo, usimkimbize, kwa uzoefu wangu hapa ndo sura ya mtu inabadilika. Na usiiseme vibaya Biblia, haina kosa hapo, ilikuwa inazungumzia jambo pana zaidi ya ugonjwa mmoja na sisi ndo tumelibana.

Kuna mkanganyiko wa pili na huu unatugusa waswahili kabisa. Madaktari wa Kiarabu waliujua ukoma vizuri sana wakauita judhamu, neno hilo lilifika mpaka pwani yetu, ukifungua kamusi za zamani za Kiswahili utalikuta limeandikwa jethamu. Karne ya 11 vitabu vyao vikaanza kutafsiriwa kwenda Kilatini, mtafsiri maarufu akiwa Constantine, mtu aliyetoka Afrika Kaskazini akaishia kwenye monasteri ya Monte Cassino huko Italia. Shida ikawa jina la tembo limeshachukuliwa, Waarabu walikuwa wanasema ugonjwa wa tembo wakimaanisha mguu kuvimba, yaani matende, kwa hiyo judhamu ikakosa nafasi ikapewa lepra. Kuanzia hapo neno moja likabeba magamba ya Wayunani, unajisi wa Torati na ugonjwa wa kweli wa neva, vyote pamoja. Ulaya wakawatoa watu nje ya miji, na wanahistoria wa tiba wanaamini kati ya waliotengwa walikuwemo watu wa soriasisi, watu ambao hawakuwa na kitu cha kumwambukiza yeyote.

Kuja kutenganisha imechukua muda mrefu kweli. Jina soriasisi linatokana na psora, neno la Kiyunani la kuwashwa, na Galen, tabibu mwingine wa Kiyunani, alilitumia karne ya 2 baada ya Kristo kwa vidonda vya kuwasha vya kope ambavyo pengine vilikuwa pumu ya ngozi. Daktari Mwingereza Robert Willan mwaka 1808 aliieleza soriasisi vizuri ila mabaka ya duara bado akayaita lepra, ni daktari Ferdinand von Hebra kule Vienna, Austria, mwaka 1841 ndo aliyaunganisha yote yakawa ugonjwa mmoja na kuliondoa jina la lepra humo. Mwaka 1873 daktari Gerhard Armauer Hansen akamwona bakteria wa ukoma huko Bergen, Norwei. Kwa hiyo shangazi kuchanganya si ajabu, madaktari wenyewe wamechanganya zaidi ya miaka 2000, mwambie hivo, atajisikia vizuri.

Atauliza kama siyo ya kuambukiza mbona haiponi. Mjibu kwamba ngozi ya kawaida inajibadilisha kama kwa mwezi mmoja hivi, ya mwenye soriasisi kinga ya mwili wake inaisukuma ijibadilishe kwa siku chache tu, ngozi mpya inafika juu kabla ya ile ya zamani kuondoka, ndo magamba. Inapoa inarudi, inatulizwa. Kula sahani moja naye, tumia beseni moja, shuka moja, msuke nywele, hupati kitu. Msaidie asisugue na jiwe la miguu maana palipochubuka soriasisi inapenda kuota, apake mafuta mazito mara tu akitoka kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu, apunguze pombe, na asikubali kuchomwa sindano za steroidi za mtaani kila ikiwaka, zikiisha nguvu ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo na usaha juu.

Jambo moja naomba sana. Usimsafishe dada yako kwa kumchafua mwenye ukoma. Nimesikia mtu anasema "huyu hana ukoma msimwogope" kana kwamba mwenye ukoma aogopwe. Ukoma unatibika, dawa zake ni za bure, zinatumika miezi 6 kwa mwenye mabaka machache na miezi 12 kwa mwenye mengi, na mtu akishaanza dawa kuambukiza kunakatika haraka. Kwa hiyo ile pamba ikikuonyesha baka halihisi, au kope hazifungi vizuri, au vidole vimeanza kukosa nguvu, mpeleke wiki hiyohiyo kituo cha afya ukaulizie huduma ya kifua kikuu na ukoma, kila wilaya ina mratibu wake, na shangazi aende naye.