Gari la Mbao la Skauti: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kushika Msumeno

Mashindano ya kuteremsha magari madogo ya mbao, yaitwayo Pinewood Derby, yalianza mwaka 1953 huko Manhattan Beach, California, kwa skauti wadogo, na vipimo vya kawaida ni hivi: kipande cha paini cha inchi 7, misumari 4 ya ekseli (ndiyo magurudumu huzungukia), magurudumu 4 ya plastiki, na uzito usiozidi aunsi 5, yaani kama gramu 142. Injini hakuna. Gari huachiwa juu ya mteremko, likashuka kwa uzito wake lenyewe. Kwa hiyo mzazi wa Lamu mwenye mtoto kwenye kundi la Sungura, yaani skauti wadogo wa Kenya, ajue mapema kwamba umbo halileti kasi kubwa. Mtoto akitaka pua iliyochongoka kama jahazi, mwache achonge. Hiyo ndiyo sehemu yake ya raha.

Kwanza muulize kiongozi wa kundi kanuni zao. Je, matundu ya ekseli yanaruhusiwa kuhamishwa? Gurudumu moja la mbele likiinuliwa kidogo lisiguse njia, watakubali? Gari linalokimbia kwa magurudumu matatu hupunguza msuguano, lakini kuna makundi yanayolikataa.

Halafu mbao. Mafundi wa milango watakupa vipande vya mbambakofi bure ukiwaomba vizuri. Pokea, shukuru, lakini usilichonge gari humo. Kipande cha mbambakofi cha ukubwa huo peke yake kinapita gramu 142 kabla hujafunga gurudumu. Tafuta paini au mbao nyingine nyepesi iliyokauka, maana wepesi wa mbao ndio unaokupa nafasi ya kuweka uzito unapotaka wewe. Na uzito unatakiwa nyuma: gari likiwa juu ya mteremko, sehemu ya nyuma ndiyo iliyo juu zaidi, hivyo uzito wa huko una safari ndefu zaidi ya kushuka. Liegemeze gari juu ya ukingo wa rula. Lisimame sawasawa kama inchi 1 mbele ya ekseli ya nyuma. Ukirudisha uzito nyuma zaidi ya hapo, pua itakuwa nyepesi na gari litayumba.

Kwa uzito, watu wa pwani hukimbilia chubwi za mishipi. Zinafaa kwa kuwa ni ndogo na nzito, ila ni za madini ya risasi, nayo ni sumu: mtoto asizipige tupa wala kuziyeyusha, na anawe mikono akishazishika. Mimi napendelea nati na washa za chuma. Toboa tundu la kutia uzito chini ya gari, usilizibe mpaka mwisho.

Kazi yenyewe hasa iko kwenye misumari. Pitisha ukucha chini ya kichwa cha msumari utahisi kijikovu kilichoachwa na mashine. Hicho hulikwaruza gurudumu kila linapozunguka. Kiondoe kwa tupa nyembamba, kisha usugue kwa msasa wa maji, kuanzia wenye kukwaruza hadi ule laini kabisa, msumari ukizungushwa kwenye drili, hadi ung'ae. Drili aishike mtu mzima. Ukimaliza ufute ukauke, uhifadhiwe kwenye kopo lenye kifuniko, kwani upepo wa bahari utauotesha kutu upesi. Kilainishi kiwe unga mkavu wa grafiti, ule weusi wa penseli. Mafuta ya cherehani, achilia mbali ya nazi, yananasa vumbi na mchanga, na mchanga Lamu hautafutwi.

Magurudumu yakishafungwa, lisukume gari polepole juu ya meza iliyo sawa. Likienda upande, pindua msumari wa mbele kidogo kidogo mpaka linyooke.

Mizani nyingine za jikoni hazisomi gramu mojamoja vizuri. Muombe sonara akupimie. Hata hivyo mizani ya mashindano ndiyo yenye neno la mwisho, basi siku hiyo beba washa mbili tatu, gundi na bisibisi, uongeze au upunguze hapo hapo mezani.