Unanunua maka za alkoholi? Hesabu kahawia kwanza

Ndani ya mwezi mmoja wadogo zangu watatu wa hapa Mtwara wameniuliza swali lile lile, kaka nataka maka za alkoholi za kuchorea, ninunue seti ya rangi ngapi? Jibu langu ni kwamba idadi iache kwanza. Angalia humo ndani kuna kahawia ngapi na kijivu ngapi, halafu ndo tuongee.

Nasema hivyo maana yalinikuta. Niliagiza mtandaoni seti ya rangi 80, ikafika Dar, ikapanda basi mpaka huku, nimeifungua nina furaha kweli kweli. Nilitaka kumchora bibi yangu kakaa barazani Mikindani, kajitanda kanga, ungo wa korosho uko miguuni. Kanga ilitoka vizuri, nyekundu zipo, njano zipo, pinki ndo usiseme. Nikaja kwenye uso. Katika rangi 80 kahawia zilikuwa sita tu, mbili zimeelekea kwenye chungwa, mbili ni za ngozi ya Mzungu, moja kama kutu na ya mwisho karibu nyeusi, ya katikati hamna. Bibi akatoka na uso wa rangi ya papai. Picha ile sikumpa na iliniuma, kwa sababu alikaa karibu masaa mawili ananivumilia.

Sasa kwa nini ya katikati ni muhimu hivyo? Wino wa hizi maka ni rangi iliyoyeyushwa kwenye alkoholi, ukipaka alkoholi inapaa haraka inaiacha rangi kwenye karatasi, na ukirudia juu wakati bado mbichi ile ya chini inayeyuka tena zinashikana, huoni mstari. Huo ndo uzuri wake wote. Ila zishikane ni lazima ziwe jirani, huwezi kuruka kutoka kahawia mpauko mpaka ya giza ukategemea itokee laini, utapata doa. Kwa hiyo nunua ngazi, yaani kila familia ya rangi iwe na nyepesi, ya kati na nzito, na kwa ngozi zetu mimi nasema ziwe hata sita saba, kuanzia ile kama chai ya maziwa mpaka ile ya kahawa isiyo na kitu. Ongeza na bluu moja mpauko ya kijivu, maana mtu mweusi akikaa kwenye jua la saa nane, paji la uso na mfupa wa shavu vinang'aa kibluu, mwangalie mvuvi yeyote pale ufukweni utaona.

Kama unaangalia maka za Copic, kampuni ya Japani, jifunze kusoma namba zake, itakusaidia hata ukienda kununua nyingine. Herufi ni familia, E ndo rangi za udongo yaani kahawia zote, W ni kijivu chenye joto, C kijivu cha baridi. Tarakimu ya kwanza inakuambia rangi imefifia kiasi gani, ikiwa kubwa inaelekea kijivu, na ya mwisho inakuambia uzito, kubwa ndo nzito. Kwa hiyo E11, E13, E15 na E18 ni ngazi moja inashuka gizani, na E29 ukiiongeza chini yake unapata kivuli kizuri cha shingo. Aina zao mbili, Copic Sketch zina rangi 358 na Copic Ciao 180, zinajazwa wino na zinabadilishwa ncha, kwa hiyo maka moja unakaa nayo miaka. Tatizo ni bei, kwa hela ya maka chache za Copic unapata seti nzima ndogo ya Ohuhu kutoka China, na kwa anayeanza Ohuhu haina ubaya, mimi nilijifunza na hizo za bei chini na bado nazitumia kwenye mandhari. Ila kabla hujalipa mwambie muuzaji akutumie chati ya rangi zilizopakwa kwenye karatasi. Picha ya vifuniko usiikubali, kifuniko na wino mara nyingi ni vitu viwili tofauti.

Ncha nayo iangalie. Nyingi zina ncha mbili, upande mmoja patasi au brashi, mwingine nyembamba. Kama unachora watu na vitambaa tafuta yenye brashi, ile laini inayopinda ukiikandamiza na ukiachia inarudi. Patasi ni nzuri kujaza eneo kubwa kama bahari au ukuta, na kwenye shavu la mtu itakutesa.

Ukikuta maka dukani mtaani na hujui kama ni za alkoholi kweli, omba kujaribu. Chora mstari, subiri kidogo ukauke, halafu pitisha kidole chenye maji. Ukitiririka hizo ni za maji, za watoto wa shule. Za alkoholi mstari haugeuki, utasikia harufu yake, na ukigeuza karatasi wino umetokea nyuma. Kutokea nyuma ndo tabia yake, sio ubovu, we weka karatasi nyingine chini meza isiharibike. Maka za ubao mweupe hazifai kabisa, zimetengenezwa zifutike.

Karatasi. Hapa ndo wengi huku wanaangukia. Karatasi ya rimu ya gramu 80 inanyonya wino kama kitambaa, rangi inatanuka inavuka mstari na maka inaisha mapema. Tafuta nzito na nyororo, bristo (karatasi nene nyororo ya kuchorea) ukiipata sawa, usipoipata nunua manila nyeupe nyororo ukate vipande, ila jaribu kwanza pembeni maana manila hazifanani. Na zifungie kwenye mfuko wa nailoni, unyevu wetu wa pwani unazilegeza.

Mistari ichore na peni ya wino usioyeyuka kwa alkoholi, Sakura Pigma Micron ni mfano mzuri, ukitumia bikipeni itachafuka yote. Au fanya ninavyofanya mimi siku hizi, chora kwa penseli na peni yoyote unayoweza, nenda steshenari mwambie akutolee fotokopi kwenye manila yako, mashine za tona lakini, yaani wino wa unga, zile za wino wa maji hapana. Tona haiyeyuki na alkoholi, na Copic zenyewe zilipoanza 1987 zilitengenezwa zipite juu ya fotokopi bila kuichafua, jina lake limetokana na hapo. Toa nakala tatu, uharibu mbili bila presha, mchoro wako wa kwanza unabaki salama.

Wakati wa kupaka shavu, anza na nyepesi eneo lote, haraka, kabla haijakauka ingiza ya kati upande wa kivuli, halafu rudi na ile nyepesi upitie pale zinapokutana, mara mbili tatu, utaona mpaka unapotea. Feni isielekee kwenye karatasi, inakausha wino kabla hujamaliza, mimi nazima kabisa nafungua dirisha hewa ipite maana ile harufu ukiivuta chumba kimefungwa kichwa kinauma. Ile maka isiyo na rangi inayokuja kwenye seti, usidhani kazi yake ni kuchanganya, inasukuma rangi na kuipausha, nzuri kwa kutoa mwanga kwenye jicho au kurekebisha kidogo palipovuka.

Kwa anayeanza leo na hela ya mawazo, mimi ningenunua moja moja zisizozidi 20 kuliko seti ya 80. Kahawia saba, vijivu vinne vya joto (kinyago cha mpingo chote kinatoka humo), bluu na kijani bahari tatu, kijani cha mkorosho tatu, nyekundu mbili, njano moja. Zilaze, usizisimamishe, wino usiende upande mmoja, na usiziache juani wala ndani ya gari. Ikianza kukauka usikimbilie spiriti ya duka la dawa, mara nyingi ina maji ndani, itafufuka kwa muda rangi imepauka.

Ukishauza picha mwambie mteja asiitundike kwenye ukuta unaopigwa na jua, huu wino unafifia kwa mwanga. Iskani kwanza, ubaki na nakala. Ile ya bibi nimeirudia mwaka huu kwa kahawia saba, ipo sebuleni kwake, upande wa mlango wa uani ambako jua halifiki.