Anza na kiti, ndipo uje kwenye skrini

Wakipanga meza ya kompyuta, wengi huanza kwa kuhamisha skrini, kisha shingo inaendelea kuuma. Anza na kiti: kipandishe au kishushe mpaka nyayo zitulie sakafuni na mgongo uegemee vizuri. Viwiko vikae karibu na mbavu, vikunjwe nyuzi 90 hadi 110, na kibodi iwe kwenye kimo hichohicho. Meza ikiwa juu mno, pandisha kiti na uweke kitu imara chini ya miguu. Usiinue mabega kuifuata meza. Vile vijiguu vya nyuma ya kibodi vilaze, maana vikisimama vinakunja mikono kwa juu kwenye vifundo.

Sasa skrini. Iwe sentimita 50 hadi 70 kutoka machoni, ukingo wake wa juu usawa wa macho au chini kidogo. Anayevaa miwani ya kuonea mbali na karibu kwa pamoja ashushe skrini zaidi, la sivyo atashinda ameinua kidevu akitafuta sehemu ya chini ya lenzi. Maandishi yakiwa madogo, yakuze badala ya kusogeza kichwa. Kompyuta mpakato ina shida yake: ukiinua skrini, kibodi nayo inapanda. Iweke juu ya vitabu, uchomeke kibodi na mausi vya pembeni.

Dirisha liwe ubavuni. Kujua mng'ao unatoka wapi, zima skrini ukiwa umekaa: taa au dirisha utakaloliona humo ndilo la kuhamisha au kuzibwa kwa pazia.

Macho kuwasha ukiwa mbele ya skrini husababishwa zaidi na kutopepesa vya kutosha. Kwa kawaida mtu hupepesa mara 15 hivi kwa dakika. Akikazia skrini hupungua hadi 5 au 7, tena kope hazifungi sawasawa. Uso wa jicho unakauka, maandishi yanaingia ukungu, na jicho linaweza hata kutiririka machozi kwa sababu ya huo ukavu. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, ufumbe macho taratibu mara kadhaa. Feni isikupige usoni. Miwani ya kuchuja mwanga wa bluu haijathibitika kupunguza uchovu wa macho. Hela hiyo afadhali inunue kibodi.

Ganzi ya vidole inayokuamsha usiku, au kuona vitu viwiliviwili, ni ya kupelekwa kwa daktari mapema.