Namna ya Kuokoa Picha za Miaka ya Mwanzo ya Bendi: Mwongozo kwa Wanamuziki wa Mwanza na Familia Zao

Mwanamuziki wa dansi aliyepata jina akiwa kijana mara nyingi huzeeka akiwa na vitu vichache sana vya kuonyesha. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi au ya shirika lililoiendesha, nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam zilibaki huko pamoja na kanda zake, na sare za jukwaani zilichakaa zamani. Picha ndizo zilizorudi nyumbani na mwenyewe. Zinapoibuka tena baada ya miaka mingi, kutoka kwenye sanduku la bati au bahasha ya kaki iliyosahauliwa juu ya kabati, furaha humsukuma mtu kuzipiga kwa simu na kuzirusha kwenye makundi ya WhatsApp jioni hiyo hiyo. Ninaomba jambo hilo lisubiri. Nilipiga gitaa la rizimu katika bendi ya hapa Mwanza, na tangu nilipoacha jukwaa nimekaa na wenzangu wa Kirumba, Igogo na Mabatini tukifungua masanduku ya namna hiyo. Nimeona kwamba picha isiyo na majina hupotea hata kama karatasi yake ni nzima, kwa hiyo hatua nitakazozieleza zimepangwa ili majina yapatikane mapema, wakati wenye kuyajua wangali hai.

Siku ya kwanza usipange upya kitu chochote. Picha zilizomo ndani ya bahasha moja kwa kawaida zilitoka studio moja au zilipigwa usiku mmoja, na mpangilio huo ni ushahidi ambao hautarudi ukishauvuruga. Piga picha sanduku lenyewe kama lilivyo, kisha ipe kila bahasha namba kwa penseli, na kila picha iliyomo ipewe namba inayofuata ya bahasha hiyo. Mfano, B2-17 ni picha ya kumi na saba ya bahasha ya pili. Namba iandikwe kwenye kifuko cha karatasi kitakachoibeba picha, si nyuma ya picha yenyewe, kwa kuwa kalamu ya wino huacha alama inayojitokeza upande wa pili, na karatasi za picha zenye utando wa plastiki hazishiki penseli vizuri. Maandishi yoyote ya zamani yaliyoko nyuma, hata kama ni hesabu ya deni au salamu za mchumba, yasifutwe, na muhuri wa studio unakiliwe neno kwa neno.

Kuhusu hali ya picha zenyewe, sisi wa kando ya Ziwa Victoria tuna tabu ya unyevu, hasa wakati wa vuli na masika, na ukungu huota mahali palipofungwa pasipo hewa. Chagua siku kavu za kiangazi kwa kazi hii ukiweza, ifanye mchana, na ikibidi kuendelea usiku funga madirisha, kwa sababu wadudu wa ziwani hufuata taa na kuishia juu ya meza. Vumbi liondolewe kwa brashi laini iliyo kavu, na penye ukungu brashi itumike nje ya nyumba, mfanyaji akiwa amefunika pua na mdomo. Kitambaa chenye maji hakitakiwi, kwa maana huusugua ukungu na kuuingiza ndani ya utando wa picha.

Ikiwa picha zimelowa na zimeshikana zikiwa bado na maji, zisiachwe zikauke hivyo, kwa sababu utando unaobeba sura ni jelatini, na jelatini ikikauka hushika kama gundi. Zile zilizosafishwa studio kwa dawa, kwa njia ya zamani, ziwekwe katika beseni la maji safi ya baridi hadi ziachane zenyewe, kisha zilazwe moja moja, uso ukiwa juu, kivulini penye upepo, na kazi hiyo ikamilike ndani ya siku mbili. Zisianikwe juani kama dagaa wa Mwaloni, kwani zitajikunja na rangi zitaungua. Picha zilizochapwa kwa printa ya wino hazipaswi kabisa kutiwa majini. Zilizoshikana zamani na kukauka, pamoja na zile zilizogandana na kioo cha fremu, zisibanduliwe kwa nguvu; picha iliyo nyuma ya kioo inaweza kunakiliwa ikiwa hapo hapo, na hasara ya kuichana ni kubwa kuliko usumbufu wa kuibeba na kioo chake.

Usiwe na haraka ya kutupa negativu, yaani vipande vya filamu ambavyo picha zilisafishwa kutoka kwavyo. Familia nyingi huzichukulia kuwa takataka za studio, ilhali mara nyingi ndizo zenye thamani kubwa kuliko vyote vilivyomo sandukuni. Ukanda wa milimita 35 una namba pembeni mwake, kwa kawaida hadi 36, na namba hizo huonyesha ni picha ipi iliyotangulia na ipi iliyofuata. Ukizifuata unaweza kuujenga upya usiku mzima wa dansi: vyombo vinapopangwa, wapenzi wanapoanza kuingia, bendi ikiwa imekolea, na wanamuziki wakiwa wamechoka nje ya ukumbi. Zaidi ya hayo, mpiga picha alisafisha zile tu alizotarajia zinunuliwe, yaani za mwimbaji na mpiga solo. Mpiga tumba, fundi mitambo, dereva na kijana aliyebeba vyombo wamebaki kwenye negativu ambazo hazikupata kusafishwa. Shika ukanda kwa kingo zake. Ukinusa harufu ya siki, ujue kwamba filamu imeanza kuoza, itenge na nyingine na uinakili kabla ya zote.

Sasa inafuata kazi ya majina, ambayo ndiyo ndefu na ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Chapa nakala za picha zilizo muhimu kwenye karatasi ya A4, kwa kuwa mzee wa miaka sabini na zaidi hataona nyuso kwenye kioo cha simu, na uende nazo nyumbani kwa kila aliyebaki. Amkia, kaa, pokea habari za nyumbani, kisha omba ruhusa ya kurekodi sauti. Swali la "Huyu ni nani?" lisitangulie, maana mtu asiyekumbuka jina huona aibu, na akiona aibu hukisia. Anza na kazi: "Mzee wangu, hapa mlikuwa mnapiga wapi? Vyombo vilifika kwa meli au kwa lori? Nani alikuwa kwenye besi siku hizo?" Jina huja lenyewe ndani ya maelezo, na mara nyingi huja pamoja na safari nzima ya Ukerewe, Musoma au Bukoba, au ile ya treni kupitia Tabora kwenda Dar es Salaam kurekodi.

Andika jina kamili na jina la jukwaani kando kando, kwa sababu wanamuziki wengi walijulikana kwa lakabu tu, na wajukuu watakaotafuta baadaye watakuwa na jina la ukoo. Wazee wawili wakitofautiana, usiamue nani yuko sahihi. Andika kauli zote mbili, na nani alisema ipi. Penye shaka tumia "huenda" bila woga. Ninasisitiza pia kwamba wanawake waulizwe: wanenguaji, wake wa wanamuziki, waliokata tiketi mlangoni na waliohudumu kwenye kumbi. Wao walikuwa wakiitazama bendi tangu mwanzo hadi mwisho wa dansi, wakati sisi tulio jukwaani tulikuwa tunaangalia vidole vyetu, na kumbukumbu zao za nani alijiunga lini na nani aliondoka kwa ugomvi zimekuwa sahihi mara nyingi kuliko zetu.

Mwaka wa picha hutafutwa kwa kubana pande mbili: haikuweza kupigwa kabla ya lini, na haikuweza kupigwa baada ya lini. Bango la CCM ukutani linaiweka picha baada ya tarehe 5 Februari 1977, siku TANU na Afro-Shirazi zilipoungana. Bango la TANU linaashiria kabla ya hapo, ingawa bango kuukuu huweza kubaki ukutani kwa miaka, kwa hiyo ushahidi wake ni dhaifu kidogo. Bendi iliyojipanga gatini mbele ya MV Victoria haitusaidii sana, kwani meli hiyo imekuwapo tangu mwaka 1961, lakini MV Bukoba ikionekana inaelea nyuma yao, picha ilipigwa kabla ya tarehe 21 Mei 1996, siku meli hiyo ilipozama, msiba ambao kila familia ya Kanda ya Ziwa inaujua. Maandishi yanayoiita Mwanza jiji kwa kawaida ni ya kuanzia mwaka 2000. Suruali za bugaluu na viatu vya raizoni huelekeza kwenye miaka ya 1970, japo sare za bendi zilivaliwa hadi zikachanika, na mavazi ya watazamaji ni shahidi mzuri kuliko yetu. Picha ya rangi iliyogeuka nyekundu haina maana kwamba taa za ukumbi zilikuwa nyekundu: katika karatasi nyingi za miaka hiyo rangi ya samawati ndiyo ilififia kwanza, hata gizani, na uwekundu ukabaki.

Kabla ya kuandika nani yuko kushoto na nani yuko kulia, hakikisha picha haikusafishwa kinyume. Negativu ikiwekwa upande usio wake, bendi nzima hugeuka kuwa ya mashoto. Tazama maandishi kwenye ngoma kubwa ya drams na kwenye vipaza sauti, na kama hakuna maandishi, tazama shingo za magitaa: mpigaji wa mkono wa kulia hushika shingo kwa mkono wa kushoto, na solo, rizimu na besi hawawezi wote watatu kuwa mashoto katika bendi moja. Maelezo ya picha yaliyokosea upande humpa mtu jina la mwenzake, na kosa hilo likishanakiliwa ni vigumu kulifuta.

Kunakili kwenyewe si kazi ngumu. Skana bapa iwekwe kwenye nukta 600 kwa inchi kwa picha za karatasi, kiwango ambacho kwa picha ya sentimita 10 kwa 15 hutoa nukta zipatazo 2,400 kwa 3,500. Negativu zinahitaji nukta 2,400 kwa inchi au zaidi na skana yenye taa ya kuzipitisha. Nakili na upande wa nyuma kama una maandishi. Ukienda steshenari, nenda na flashi yako, simama hapo hapo, na usikubali picha ipitishwe kwenye sehemu ya mashine inayovuta karatasi yenyewe, maana magurudumu yake hukwaruza. Asiye na skana atumie simu karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, bila mmweko, simu ikiwa sambamba na picha. Faili la kwanza lihifadhiwe lilivyo, na marekebisho yafanyike kwenye nakala yake. Ninapinga kwa nguvu matumizi ya programu za akili mnemba zinazodai kusafisha nyuso, kwa kuwa hutunga macho na midomo isiyokuwapo, na nimeshuhudia mtu akishindwa kumtambua kaka yake katika picha iliyopitishwa huko. Unapotuma kwa WhatsApp, tuma kama hati ili ukubwa usipunguzwe.

Kuimiliki karatasi si kumiliki haki ya kuichapisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda picha za mnato kama kazi za ubunifu, na anayeanza kuhesabiwa ni aliyezipiga. Kama studio au familia ya mpiga picha inajulikana, waombe, na kwa vyovyote jina lake liandikwe chini ya picha, kwani watu hao wamesahauliwa kuliko hata wapiga tumba. Waliomo pichani nao waulizwe. Mnenguaji wa miaka ile leo ni bibi wa watu, pengine ni mzee wa kanisa au mwalimu wa madrasa, na ana haki ya kuamua kama wajukuu wake waione picha hiyo kwa mara ya kwanza kwenye simu ya jirani. Akikataa, picha ibaki kwenye bahasha yake pamoja na maelezo yake, bila kusambazwa.

Picha halisi zirudi kwenye vifuko vya karatasi nyeupe isiyong'aa, mbali na vipande vya magazeti, ambavyo asidi yake huzichafua, na mbali na albamu za kurasa za gundi na mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali. Lamineshini isifanyike kamwe, maana haina njia ya kurudi nyuma. Sanduku likae kwenye rafu ya chumba kinachopata hewa, si sakafuni wala chini ya paa la bati. Faili ziwe sehemu tatu: kompyuta ya nyumbani, diski ya nje iliyo kwa ndugu wa mtaa mwingine, na hifadhi ya mtandaoni. Seti moja yenye majina yote iende kwenye taasisi, iwe maktaba ya chuo kikuu kama SAUT kule Malimbe au Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, kwa barua inayoeleza ni picha zipi zinaruhusiwa kuonyeshwa na zipi bado. Mrithi mmoja atajwe kwa jina katika barua hiyo, apewe orodha ya namba na maneno ya siri, na kila mwaka aifungue diski kuhakikisha faili zinasomeka.