Sentensi za masharti za Kiingereza: anzia kwenye -ki-, -nge- na -ngali-

Juzi nilikaa na mwanafunzi mmoja saa mbili nzima tukihangaika na "if". Aina za sentensi hizo kama vitabu vya sarufi vinavyozipa namba, yaani sifuri, ya kwanza, ya pili na ya tatu, alizikariri zote, lakini kila akitunga sentensi yake mwenyewe inaharibika. Kilichomponza ni mazoea ya Kiswahili, na Kiswahili hichohicho ndicho kilichomtoa. Namba ziweke pembeni kwanza.

Hatua ya 1. Andika sentensi yako kwa Kiswahili, kwa kalamu. Programu ya kutafsiri iache: itakupa jibu, nawe hutajua limetoka wapi.

Hatua ya 2. Tazama kiambishi. Kikiwa -ki- na jambo ni la siku zote, vitenzi vyote viwili hukaa katika wakati uliopo: "If you heat ice, it melts." Likiwa jambo la mbele, "will" huenda kwenye matokeo tu: "If it rains, we will stay inside."

Hatua ya 3. Kikiwa -nge-, nenda polepole. Saa zetu mbili ziliishia hapa. Kiswahili hurudia kiambishi pande zote: ningejua, ningekuambia. Sikio likishazoea mwangwi huo, mkono unaandika "If I would know, I would tell you", na hilo ni kosa. Kiingereza sanifu huweka "would" kwenye matokeo, na upande wa "if" huupa umbo la wakati uliopita: "If I knew, I would tell you." Hiyo "knew" haizungumzii jana; inasema kwamba sijui, sasa hivi.

Kuna mtego mwingine. Katika mazungumzo, "ningejua nisingekuja" hubeba ya leo na ya jana pia. Kiingereza hukulazimisha uchague, kwa hiyo jiulize: nafasi bado ipo, au imeshapita? Ikiwa imepita, irudishe sentensi kwenye -ngali- hata kama huisemi hivyo kila siku: ningalijua, nisingalikuja. Kisha: "If I had known, I would not have come." Na sharti likiwa la zamani lakini matokeo ni ya leo, changanya: "If I had studied medicine, I would be a doctor now."

Utakutana na "If you would wait here, I would be grateful." Si kosa, hapo "would" ni ombi la adabu, mtu anaulizwa kama yuko radhi. Na kwenye maandishi rasmi andika "If I were", ingawa "was" utaisikia sana.

Hatua ya 4. Ukiona "I'd", soma kitenzi kinachofuata. "I'd go" ni "would". "I'd gone" ni "had".

Hatua ya 5. "If" ikianza sentensi, weka mkato kabla ya matokeo. Ikija katikati, kwa kawaida hauhitajiki.